Shingo Niliyoisifu Bila Kuiona

Nyinyi vijana wa karakana mliniomba mambo mawili. Niandike kidogo juu ya kazi yangu ya kutengeneza visu, na niwaazime kisu cha marehemu fundi wangu mkitundike ukutani, wanaoingia wakione. La kwanza ndilo hili mnalolisoma. La pili limenitia katika mshtuko ambao sijatoka bado, ndiyo maana maandishi yamechelewa wiki mbili. Msidhani ni uzee. Siku ya kwanza nilikaa kuandika, nikaiweka kalamu chini. Halafu kuna mtu mmoja, jina lake Mize, ambaye zamani nilimfukuza kazi mbele ya wateja huku kisu hicho hicho nimekishika mkononi. Sikuweza kuandika neno kabla sijaonana naye na kujua kama atanipokea.

Lakini tusikilizane kwanza juu ya neno moja. Mwenzenu mmoja alipokuja kwangu Mbweni nilimwambia, "Nipe hilo noleo hapo nikuoneshe," akaenda jikoni akarudi na jiwe la kunolea. Nilimuonea huruma. Jiwe ni kinoo, mwanangu. Noleo ni ile shaba inayokaa pale bapa la kisu linapokutana na mpini, ile ambayo nyinyi mnaotazama video kwenye simu mnaiita bolsta. Kisu cha kawaida cha sokoni kina pete tu. Kisu chetu kilikuwa na noleo la mashavu mawili, moja kila upande, yameshikwa na misumari ya shaba iliyopita katikati ya chuma. Kazi yake ni kukaza shingo ya kisu, mpini usipasuke na mkono usiteleze ukafika kwenye makali. Kazi yake ya pili haimo katika video zenu. Noleo linafunika. Likishafungwa, shingo ya kisu haionekani tena na mtu yeyote, si fundi wala mwenye kisu. Likumbukeni hilo, maana habari yangu yote imo humo.

Kiduka chetu kilikuwa Mji Mkongwe, katika kichochoro ambacho sasa wanauza vitambaa vya kuvaa pwani na kahawa yenye povu. Fundi wangu aliitwa Shaame, mtu wa asili ya Tumbatu, mrefu, mkimya wa kuudhi. Ukimuuliza jambo asubuhi, jibu unalipata baada ya adhuhuri, na mara nyingi jibu lenyewe ni kukunyang'anya tupa mkononi na kukuonesha kwa vitendo. Hakuwa na maneno ya kusifu. Ukifanya vizuri alikuwa anakwenda kunywa maji.

Noleo langu la kwanza sitalisahau. Nilikata mashavu, nikatoboa, nikayafunga kwa misumari, nikaona limekaa kama limezaliwa pale. Kisha nikagundua kwamba uso wa mbele wa shaba, ule unaotazama bapa, bado una makovu ya msumeno. Nikachukua tupa nikaanza kuusugua pale pale. Mnajua kilichotokea. Tupa ilisugua shaba mara moja na bapa mara tatu, na kisu kilichokuwa kinang'aa kikawa kimechanwachanwa. Fundi Shaame alikiangalia, akanikabidhi kisu hicho niwe namenyea mihogo ya chakula chetu cha mchana kwa mwezi mzima. Kila mhogo niliukumbuka uso wa mbele. Ung'arisheni kabla hamjalifunga noleo. Likishakaa hapo hamuufikii tena.

Na mkiyatoboa mashavu, msitoboe moja moja. Shikisheni yote mawili na bapa katikati kwenye jiriwa iyabane, keekee itoboe yote kwa safari moja, ndipo misumari itasimama wima. Midomo ya matundu ipanueni kidogo kwa nje. Msumari uache urefu wa punje ya mchele kila upande, kisha mgonge kichwa chake pole pole kwa nyundo ndogo, kwa kuzunguka, si kwa kupiga katikati. Shaba inatanuka na kuujaza ule mdomo uliopanuliwa. Mkija mkipiga tupa juu yake, msumari unapotea kabisa, hamjui ulipo. Siku hizi mna gundi ya mirija miwili, na sitasema ni mbaya. Inazuia maji kuingia, sisi tulikuwa tunateseka na kutu. Lakini gundi peke yake, bila misumari, mimi siitumii, na mkiitumia msiniambie.

Kuna jambo moja kubwa kuliko yote hayo, nalo ni shingo yenyewe. Kisu kinapotiwa moto na kuchovywa kwenye mafuta ili kiwe kigumu, ugumu uingie kwenye makali. Shingo iachwe laini. Shingo ngumu ni kama bilauri, na wewe unakwenda kuipigilia misumari.

Mimi nilikuwa nalijua hilo. Ndiyo aibu yake.

Ilikuwa siku chache kabla ya Idi Kubwa. Fundi Shaame alikuwa amekwenda Tumbatu kwenye harusi ya mpwawe, akaniachia kisu kimoja cha kumaliza, kisu cha kuchinjia cha Mzee Kombo, mchinjaji wa Kizimkazi. Bapa refu, makali yaliyonyooka, limetoka katika springi ya gari. Mzee Kombo angepita mwenyewe siku ya pili yake kukichukua. Nikafanya haraka. Nilikitia moto kisu kizima, nikakichovya kizima, shingo na yote. Nikajiambia nitakuja kuilainisha shingo baadaye, kisha nikasahau, maana tayari nilikuwa naiwaza shaba. Hata kabla ya moto, tundu moja nilikuwa nimelitoboa mahali pabaya, nikaliacha nikatoboa jengine pembeni. Kisha nikaanza kupigilia misumari.

Nikasikia tik.

Si sauti kubwa. Kama mtu amevunja kijiti cha kiberiti. Nilisimamisha nyundo, kwa sababu hakuna kitu kingine katika kazi hii kinachotoa sauti ile. Niliutoa msumari, nikaling'oa shavu, nikakipeleka kisu kwenye mwanga wa mlango. Ufa ulitoka kwenye tundu kuelekea upande wa makali, mwembamba kuliko unywele, urefu wake haufiki ukucha. Na noleo likirudi mahali pake, lilikuwa linaufunika wote.

Nililirudisha. Nawaambia nyinyi nilivyofanya, si nilivyotamani kufanya. Nililirudisha shavu, nikapigilia misumari pole pole, nikakipiga tupa, nikakisugua kwa ndimu na majivu mpaka shaba ikawa ya kuvutia macho. Mzee Kombo alikuja, akakipima uzito mkononi, akasema kimekaa vizuri, akenda nacho. Nilijiambia kwamba ufa mdogo vile unaweza kukaa miaka. Usiku nililala vizuri, na hilo nalo linanishangaza mpaka leo.

Fundi Shaame alirudi siku ya Arafa, asubuhi, sote tumefunga. Akaweka mfuko wake chini, akauliza hapo hapo.

"Cha Mzee Kombo kimetoka?"

"Naam. Kimetoka."

"Shingo uliiacha laini?"

"Naam," nikasema.

Akachukua tupa akaanza kazi yake. Baada ya muda, bila kuulizwa, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra, akasema, "Unajua kwa nini Mzee Kombo anatoka Kizimkazi yote ile kuja kwetu?"

Nikasema sijui.

"Kisu cha fundi mwengine kilimkatikia mkononi, Idi moja. Kilikatika shingoni. Ng'ombe akainuka na nusu ya koo. Nyama ikawa mzoga, hailiki, watu wote wale wakarudi na vyombo vitupu. Na vile vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji mpaka leo. Hukuviona?"

Nilikuwa nimeviona. Nilidhani ni mambo ya kamba na nanga, kwa kuwa ni mtu wa Kizimkazi. Niliinuka kwenye gogo langu. Idi ilikuwa kesho. Nilimwambia Fundi Shaame kwamba nnakwenda sokoni mara moja. Nilitoka kichochoroni nikakimbia, mtu mzima mwenye kanzu, mpaka nikapata lori la nazi lililokuwa linarudi kusini tupu. Nilikaa nyuma kwenye makumbi njia nzima nikiomba Mungu mzee yule asiwe mtu wa kuchinja mapema.

Nilimkuta barazani kwake, kinoo miguuni, anakipitisha kisu taratibu. Vidole viwili vilikuwa vimesimama vimenyooka, vyengine vimeshika mpini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kula Idi kwetu?"

"Nimekuja kukichukua kisu."

"Hiki? Kina nini?"

Lorini nilikuwa nimeshatunga uongo mzuri, kwamba shaba inataka kung'arishwa tena. Nilivitazama vile vidole na uongo ukanipotea.

"Kina ufa, mzee. Umo ndani ya noleo. Niliuona nikaufunika."

Mzee Kombo alikiweka kisu barazani. Alikiweka kwa uangalifu mkubwa, kisha akauvuta mkono wake nyuma, akauficha ndani ya kikoi, akawa ananitazama. Sijawahi kutazamwa vile. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameshtuka tu, mtu mzima na ndevu zake nyeupe, ameshtuka kabisa.

"Uliuona," akasema.

"Niliuona."

"Kisha ukanipa mkononi."

Akakifunga kisu katika kipande cha gunia.

"Kesho ntachinja kwa kile changu cha zamani. Kifupi, lakini nnakijua. Hiki mpelekee fundi wako, na umwambie wewe. Mie simwambii."

Nilifika mjini karibu na kufuturu. Fundi Shaame alisikiliza yote amesimama. Alikitia kisu kwenye jiriwa, akavitoa vichwa vya misumari kwa tupa, akaigonga ikatoka, mashavu yakaanguka. Akaitazama shingo. Kisha akakaa chini, sakafuni, kwenye vumbi la chuma. Huyu ni mtu ambaye katika miaka yote ile sikuwahi kumuona amekaa kidukani.

"Mimi nilikuuliza," akasema. "Ukanambia naam."

Nilingoja anipige. Afadhali angenipiga.

"Hiki ntakivunja mwenyewe," akasema, akakitia katika mfuko wake wa safari, akenda zake kufuturu.

Mwaka mzima sikuruhusiwa kugusa shaba. Nilikuwa napiga tupa misuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, kutwa misuka. Na tangu siku ile Fundi Shaame alianzisha desturi ambayo watu wa mjini walituchekea nayo. Hakuna noleo lililofungwa mpaka mwenye kisu aitwe, aje mwenyewe, ashikishwe kisu mkononi na aone shingo iko wazi. "Njoo uone shingo," tulikuwa tunawapelekea ujumbe. Wengine waliona ni usumbufu. Mpishi mmoja wa hoteli aliuliza kama ni mambo ya kiganga. Lakini walikuja, walitazama, ndipo tukafunga.

Fundi Shaame alipofariki, bintiye alinipa kisu chake. Si kisu cha kuuza, ni kile alichokuwa akikatia ngozi za ala kila siku, bapa fupi, mpini wa pembe ya ng'ombe. Hakuwahi kumuazima mtu. Hata mimi, nikinyoosha mkono, alikuwa akisema, "Hiki hakiazimwi," nikaona ni uchoyo wa fundi na chombo chake. Noleo lake lilikuwa halina mfano. Ungelitafuta msumari kwa miwani usingeuona. Nikakitundika mahali pa mbele, na kwa miaka yote niliyofundisha, kisu hicho ndicho kilikuwa kipimo changu. Kila aliyepita mikononi mwangu nilimshikisha nikamwambia, hii ndiyo shingo ya fundi.

Sasa nije kwa Mize. Alikuja kwangu mtu mzima, binti wa fundi cherehani, aliyekwisha kuchoka kushona. Watu walinicheka, mwanamke na nyundo. Walinyamaza walipoona kazi yake. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu, na sikio. Akigonga bapa kwa ukucha alikuwa anakwambia limechovywa sawasawa au la, na hakuwa akikosea. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba kiduka nitamuachia yeye.

Mara moja niliumwa, nikakaa nyumbani siku kadhaa. Niliporudi nikakuta kisu cha mteja kimeshafungwa noleo, nacho mteja hajaitwa. Nikakigonga. Sauti ilikuwa butu. Nikakifungua mbele ya watu wawili waliokuja kunolesha mapanga, na ndani mlikuwa na ufa.

"Umeonesha shingo?" nikamuuliza.

"Sijaonesha."

"Kwa nini?"

"Niliogopa, fundi. Nilitaka nikwambie leo."

Nilimwamini? Nilimwamini. Kisu kilikuwa bado kiko kwenye ubao, hakijatoka mlangoni. Lakini nilipandwa na hasira mpaka hata wale wateja wakarudi nyuma. Nilikitungua kisu cha Fundi Shaame, nikamsogezea usoni. "Angalia shingo hii," nikamwambia. "Miaka yote hii, haina doa. Mtu anayeficha ufa hana nafasi katika nyumba iliyotoa shingo kama hii." Nikamwambia atoke. Aliivua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya jiriwa, akatoka. Sikumwambia habari ya Kizimkazi. Sikumwambia yeye, wala sikumwambia mtu mwengine tangu Fundi Shaame alipofariki. Mwaka wa pili yake nilikifunga kiduka, sikuwa na wa kumuachia.

Basi mlipokitaka kisu hiki nikaona nikisafishe, maana ukungu wa kijani ulikuwa umeota pale shaba inapoligusa bapa. Maji yameingia ndani, nikasema, nilifungue noleo, nikaushe, nilifunge upya. Nilikaa barazani kwa mwanangu Mbweni, asubuhi, jiriwa ndogo imeshikizwa kwenye meza ya kulia, mkwe wangu ananitazama kwa wasiwasi juu ya meza yake. Misumari sikuiona, kama kawaida. Nikapaka ndimu, nikangoja. Ndimu inaila shaba ya msumari tofauti kidogo na shaba ya shavu, vijiduara vikajitokeza. Hiyo ni hila, ichukueni. Nikaigonga misumari ikatoka. Shavu likaanguka juu ya gazeti.

Kwenye shingo palikuwa na matundu matatu. Mawili yenye kazi, na moja tupu, lililotobolewa mahali pabaya likaachwa.

Nililitazama tundu lile tupu nisielewe, kama mtu anayekutana na jirani yake katika mji wa mbali. Nikageuza. Kwenye mwanzo wa msuka, kabla haujaingia ndani ya mpini, palikuwa na michoro miwili ya tupa, mifupi, imelala pamoja. Hiyo ilikuwa alama yangu. Nilikuwa naiweka misukani nilipokuwa mwanafunzi, nijue vipi ni vyangu, na Fundi Shaame alijifanya haoni. Halafu nikauona ufa. Umetoka kwenye tundu, unaelekea upande wa makali, haufiki ukucha. Na pale ulipoishia, palikuwa na kitundu kidogo cha sindano, kimezibwa kwa shaba. Mkitaka kuuzuia ufa usitembee, toboeni pale pale unapoishia. Hilo mimi sikufundishwa na Fundi Shaame. Nilikuja kulijua kwa watu wengine, miaka mingi baadaye.

Mkwe wangu alidhani nimejikata. Alikuja mbio na kitambaa, akaniuliza damu iko wapi. Nilimuonesha ile michoro miwili.

Fundi Shaame hakukivunja. Kile kisu kirefu cha Mzee Kombo, alikikata bapa likawa fupi, ili shingo isibebe nguvu kubwa. Akakitia mpini mpya, akakifunga noleo kwa mkono wake, akakitumia mwenyewe mpaka mwisho wa maisha yake, ngozi laini tu, na hakumpa mtu mwengine akishike. Kosa langu alikuwa nalo mkononi kila siku mbele ya macho yangu, hakunitajia hata mara moja. Nami nikalirithi, nikalitundika ukutani, nikawapigia watu kelele kwalo.

Kinachonitisha zaidi ni hiki. Nilimwambia Mize aangalie shingo ile. Hakuna mtu aliyekuwa ameiona shingo ile. Mimi, mwenye desturi ya kufungua kila shingo ya kila mteja, ile moja niliyoisifu maisha yangu yote sikuwahi kuitazama.

Nilichukua wiki nzima kupata miguu ya kwenda kwake. Mize sasa ana meza yake Mji Mkongwe, mbele ya duka la mshonaji, ananoa mikasi ya mafundi cherehani na kurekebisha makufuli. Aliniona natoka mbali, akaweka mkasi chini.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Hujambo, Mize."

"Sijambo. Karibu."

Hakutabasamu, wala hakunitolea kiti. Sikuanza na maneno. Nilikunjua kitambaa juu ya meza yake, bapa na mpini upande mmoja, mashavu na misumari upande mwengine. Alikijua kisu mara moja. Kisha akakichukua, akakiinua kwenye mwanga, na ufa aliuona upesi kuliko nilivyouona mimi.

"Cha marehemu kina ufa?" akasema.

"Wa marehemu ni mkono uliokifunga. Ufa ni wangu."

Nilimsimulia yote, nimesimama, watu wakipita nyuma yangu na skuta zao. Tik, ndimu na majivu, lori la nazi, Mzee Kombo na vidole vyake. Nilimwambia kwamba chake kilikuwa bado kiko ubaoni, na changu kilikuwa kimefika Kizimkazi, siku moja kabla ya Idi. Mteja aliyekuja kuuchukua mkasi wake alisimama akasikiliza, akausahau mkasi.

Mize alikiweka kisu mezani.

"Fundi," akasema, "mie kisu hiki nilikuwa nakiota. Najiambia, mikono yangu haitafika pale. Niliacha visu kwa ajili yake."

"Najua."

"Hujui. Ulinambia niangalie. Na wewe mwenyewe hukuangalia."

"Sikuangalia. Niwie radhi, Mize."

Hakusema ameniwia radhi, nami sitawaambieni kwamba alisema. Alilichukua shavu moja la shaba, akaliweka juu ya shingo, akalisogeza nyuma kidogo, akalipima kwa ukucha.

"Unataka nikufungie?"

"Ndilo lililonileta."

"Basi ntayakata mashavu. Ntayafupisha hapa." Akaonesha. Noleo likikaa vile, karibu ufa wote ulikuwa unabaki nje, na kile kitundu kilichozibwa mwishoni mwake. "Wakitundika, kila mtu auone."

Nilimwambia akate.

Kwa hiyo kisu mtaletewa Jumamosi, na atakayekileta ni yeye, si mimi. Mkimuuliza kuhusu noleo mjibiwe na mtu mwenye sikio. Mkiona shaba fupi kuliko mlivyozoea, msidhani ni kosa la vipimo.

Alifanya kazi ile pale pale, mimi nimesimama. Alikata, akang'arisha nyuso za mbele kwanza kabla ya jambo lolote, nikajizuia kumsifu. Aliyakalisha mashavu na kuingiza misumari, akaiacha inatokeza kwa urefu wa punje ya mchele. Akainua nyundo ndogo. Kisha akaishusha bila kupiga, akaitoa misumari, akayaondoa mashavu tena, akanisogezea kisu kikiwa wazi.

"Mwenye kisu ni wewe," akasema. "Njoo uone shingo."

Nikavaa miwani, nikainama.